Mtoto Anaposhika Kitara, Mzazi Ashike Nini?

Upo mchezo mmoja ambao hapa Tunduma sijapata kuuona ukichezwa, na huenda hata wewe msomaji umeuona kwenye televisheni tu, ukapita ukitafuta mpira. Watu wawili wamevaa nguo nyeupe, nyuso wamezifunika kwa barakoa za wavu wa chuma, kila mmoja ana upanga mwembamba mkononi kama sindano ya kushonea magunia. Wanakwenda mbele na kurudi nyuma juu ya ulingo wenye urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita 2. Kwa Kiswahili tunauita mchezo wa vitara. Ulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens mwaka 1896, na tangu hapo haujatolewa hata mara moja.

Kwa nini nauleta mchezo wa watu mpakani kwetu, penye malori, kwacha na mahindi? Kwa sababu ya ile barakoa. Mzazi amezoea kumsoma mwanawe usoni. Akiwa na njaa anajua, akiwa na homa anajua, akidanganya ndiyo kabisa. Sasa mtoto amefunikwa uso, anapigana na mtoto wa mwenzake, na mzazi amekaa pembeni hajui kama mwanawe analia mle ndani au anacheka. Amebaki na mawazo yake mwenyewe. Hapo ndipo swali langu linapozaliwa: huyu mzazi amekuja kutazama nini? Amekuja kumtazama mtoto, au amekuja kujitazama yeye mwenyewe katika mtoto?

Usiseme jibu ni rahisi. Hebu twende taratibu.

Kwanza tukubaliane kwamba mchezo huu si wa wageni kama unavyoonekana. Kule Lamu, wakati wa Maulidi na kwenye harusi, upo mchezo wa kirumbizi. Wanaume wawili huingia duarani na fimbo, ngoma na zumari zinapigwa, mmoja anatafuta upenyo na mwingine anakinga. Mwenye jicho ataona kwamba ni vitara vilevile, ila chuma kimegeuka mti. Wapo watu wa pwani waliojua kucheza na hatari bila kuuana, na kumheshimu mtu unayemtafutia upenyo wa kumpiga. Na huko Nairobi, katika mitaa ya Mathare, klabu inayoitwa Tsavora imekuwa ikiwafundisha vijana vitara hivi vya Olimpiki, wakati wengi wao hawakuwa wamewahi hata kulisikia jina la mchezo wenyewe. Mwaka 2024 Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya na mama Mpolandi, aliingia Paris kama mpiganaji wa kwanza wa vitara kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki. Kwa hiyo mambo haya yanatusogelea. Leo Mathare, kesho nani ajuaye.

Sasa tuangalie mashindano yenyewe yanavyokwenda, maana maadili bila kujua mchezo ni maneno ya kijiweni. Asubuhi watoto wanagawanywa katika makundi madogo, tuseme ya watu sita au saba, na kila mmoja anapambana na kila mwenzake. Pambano la kundi ni la miguso 5, muda wake dakika 3. Mtoto mmoja basi anaweza kupigana mara tano au sita kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo unapangwa mtoano, miguso 15, ukishindwa unafungasha. Vitara ni vya aina tatu. Katika foili unalenga kiwiliwili tu. Katika saberi unalenga kuanzia kiunoni kwenda juu. Katika epei mwili mzima ni halali, hata kidole cha mguu, na anayegusa kwanza ndiye anayepata. Mkigusana ndani ya muda wa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, wote mnapata. Ncha ya epei ina kitufe kinachohitaji uzito wa gramu 750 kubonyea, na kikibonyea taa inawaka.

Nimeeleza haya yote ili tufanye hesabu moja ndogo ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Wakiingia watoto 64 kwenye mtoano, 63 watarudi nyumbani pambano lao la mwisho wakiwa wameshindwa. Wa pili naye kashindwa. Tena huyo wa pili ndiye analia zaidi. Mmoja tu ndiye atakayelala na ushindi. Na si vitara peke yake. UMISSETA ikikusanya mikoa 26 ya Bara, kombe la mpira wa miguu ni moja, na mikoa 25 itarudi bila kombe. Mwaka 2022 na 2023 michezo hiyo ilichezwa Tabora. Mtoto wa kutoka mpakani huku anaipita nchi karibu nzima kwenda kushindwa, kwa hesabu tu, hata kabla hajavaa viatu. Anayekwenda kwenye mashindano anakwenda mahali ambapo kushindwa ni chakula cha kila mtu na kushinda ni kitoweo cha mmoja.

Lakini tazama tunavyowaandaa. Mzazi anasema: "Nenda ukashinde." Mwalimu anasema: "Tunakwenda kuchukua kombe." Mchungaji anaombea ushindi, na kule upande wa pili mchungaji mwenzake anaombea ushindi, sijui Mungu awafanyeje. Hakuna hata mmoja anayekaa na mtoto jioni akamwambia: mwanangu, kuna uwezekano mkubwa kesho saa nane utakuwa umeshindwa, sasa tuzungumze utakavyosimama. Tunawapeleka watoto 63 kwenye jambo ambalo hatukuwatajia hata jina lake.

Najua mtu wa Tunduma atanijibu nini, maana jibu hilo nimelisikia mara nyingi. Atasema: ukimwandaa mtoto kushindwa, umeshamfanya mshinde. Mji huu hauna huruma. Anayechelewa kwenye foleni ya malori analala barabarani, anayechelewa kubadili kwacha anakuta bei imeshuka, mwenye mahindi anayesubiri bei nzuri anashtukia mpaka umefungwa. Mama mmoja anayeuza vitenge aliniambia bila kupepesa macho: "Mdogo wangu, mtoto asiyejua kushinda ataliwa na mji huu, na hao wanaosema tusiwasukume watoto wamekwisha kula wakashiba." Maneno hayo yana uzito, na mimi siwezi kuyapuuza. Aliyatoa mtu anayeamka saa kumi za usiku.

Hata hivyo nadhani mama yule alichanganya mambo mawili. Kukubali kushindwa ni kitu kimoja, kujua kushindwa ni kitu kingine. Yeye mwenyewe ni shahidi. Amewahi kupoteza mzigo, amewahi kukopesha asilipwe, na kesho yake akafungua kibanda. Nani alimfundisha hilo? Si ushindi. Mfanyabiashara ambaye hajui hasara inavyoliwa hadumu mpakani miezi sita. Basi kwa nini ujuzi huo, ambao ndio unaomlisha, anauficha kwa mwanawe na kumpa ule mwingine wa "nenda ukashinde"? Nadhani ni kwa sababu anampenda, anataka mtoto apitie njia isiyo na mashimo. Njia hiyo mimi sijaiona, labda ipo Dodoma.

Mfikirie tena yule Ndolo. Mwaka 2022 kule Cairo alipata medali ya fedha ya dunia akiwa na bendera ya Ujerumani. Kwa akili ya kawaida hapo ndipo pa kukaa, kwenye nchi yenye makocha, vifaa na pesa. Akahamia bendera ya Kenya, nchi ambayo mchezo huo ulikuwa ndiyo kwanza unatambaa. Paris aliondolewa mapema. Ukimpima kwa kipimo cha "nenda ukashinde" alifanya upuuzi. Sidhani kama kuna mtoto wa Mathare anayempima hivyo.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni udanganyifu.

Julai 1976, Montreal, kwenye mchezo wa pentathloni ambao vitara ni sehemu yake, alikuwapo Msovieti mmoja, Boris Onishchenko. Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Mwaka 1972 kule Munich alikwishapata fedha ya mtu mmoja mmoja na dhahabu ya timu. Siku hiyo timu yake ilipopambana na Waingereza, taa ikawaka kwamba amegusa. Waingereza wakashangaa. Alipokuja kupambana na Jim Fox, taa ikawaka tena na ncha ya upanga haikuwa imefika mwilini. Fox akalalamika, upanga ukachukuliwa, ukafunguliwa. Kumbe kwenye mpini mlikuwa na kiswichi kilichofichwa: akikibonyeza kwa kidole, taa inawaka bila kumgusa mtu. Akafukuzwa, timu yake ikatoka, na mwisho wa habari Waingereza hao hao ndio waliochukua dhahabu ya timu.

Watu wakisimulia kisa hiki hucheka ujanja wa swichi. Mimi kinachonitesa ni kwamba mtu yule alikuwa anajua kugusa. Angeweza kumgusa Fox kihalali. Sasa jiulize mtu mwenye uwezo anafika vipi mahali pa kufunga waya ndani ya mpini. Jibu sina kamili, lakini naamini haiwezi kuanza siku ile. Inaanza pale mtu anapofundishwa, polepole, kwamba taa ndiyo muhimu, mguso si kitu.

Na sisi je? Sisi hatuna swichi, sisi tuna vyeti vya kuzaliwa. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walikwishafuzu kwenda kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17, wakaenguliwa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Miaka kumi na miwili baadaye upepo ukageuka: tulikwenda Gabon 2017 kwa sababu Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa uwanjani, walishindwa kumpeleka mchezaji wao kupimwa mifupa. Ile mara ya kwanza tulisema tumeonewa, mara ya pili tukasema haki imetendeka. Ndivyo tulivyo.

Mtaani kwetu yupo kijana ambaye ana siku mbili za kuzaliwa. Moja ni ile mama yake anayoikumbuka, mvua ya masika, umeme umekatika. Nyingine ni ile iliyotengenezwa alipoonekana anapiga mashuti. Nilimuuliza anasherehekea ipi. Akacheka, akasema: "Kaka, inategemea nani ananiuliza." Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliisha. Mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kughushi cheti peke yake. Hajui ofisi, hajui mhuri, hana pesa ya chai. Palikuwepo na mtu mzima aliyemshika mkono. Pengine watu wazima watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa michezo na mmoja wa mezani. Kila mmoja akajiambia anamsaidia dogo atoke kimaisha. Na walichomwambia yule dogo, bila kutamka, ni kwamba wewe jinsi ulivyo, na miaka yako halisi, hutoshi.

Yupo na mwingine, ambaye hatumkumbuki kwa sababu hakuonekana. Ni yule mtoto wa Vwawa au wa Mlowo, mwenye miaka halali, mfupi, mguu mwepesi, aliyekuwa wa kumi na tisa kwenye orodha ya kumi na nane. Nafasi yake ilikaliwa na kijana mwenye ndevu za kunyoa. Yeye alirudi darasani akaambiwa ajitahidi zaidi. Mimi ningependa siku moja kumwandikia riwaya mtoto huyo, maana magazeti hayatamwandika.

Na sisi tunaoandika tusijione watakatifu. Kwenye mashindano ya insha ya shule zetu nani asiyejua kuwa insha nyingine zimeandikwa na kaka mkubwa aliyeko chuoni? Unaisoma insha ya mtoto wa darasa la sita, unakutana na neno "utandawazi" katika mstari wa kwanza. Mzazi anaona fahari mwanawe akisimama jukwaani kupokea kamusi. Mtoto anaisoma insha yake kwa kigugumizi kwa sababu ndiyo mara yake ya pili kuiona. Taa imewaka, mguso haupo.

Lakini ngoja, nisije nikaonekana nasema kwamba ukifuata kanuni tu basi umekwisha kuwa mtu mwema. Vitara vinatupa kisa kingine, kigumu kuliko cha Onishchenko. Katika mchezo huu kabla ya pambano unamsalimia mpinzani, mwamuzi na watazamaji kwa kuinua upanga, na baada ya pambano unavua barakoa na kumpa mkono mpinzani. Haikuwa hiari; kanuni ilikulazimisha. Julai 2023, kwenye mashindano ya dunia kule Milan, Olha Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova, Mrusi aliyekuwa anacheza bila bendera, miguso 15 kwa 7. Smirnova akaja na mkono. Kharlan, ambaye nchi yake ilikuwa inapigwa mabomu na nchi ya mwenzake, hakumpa mkono. Akanyosha kitara chake wagusanishe vyuma. Smirnova akabaki ulingoni muda mrefu akilalamika. Kharlan akapewa kadi nyeusi, akafutwa. Kesho yake wakubwa wakalegeza. Thomas Bach, rais wa Kamati ya Olimpiki wakati ule, ambaye naye alikuwa mcheza vitara na ana dhahabu ya timu ya foili ya Montreal 1976 ileile, akamhakikishia nafasi ya Paris. Huko Kharlan alipata shaba, na dhahabu ya timu.

Nani alikuwa na haki? Nimebishana na rafiki zangu juu ya hili hadi tukafukuzwa kwenye kibanda cha chipsi. Mmoja alisema heshima ya kulazimishwa si heshima, ni ukaguzi. Mwingine alisema kama kila mtu atampa mkono anayempenda tu, mkono hauna maana tena. Umuhimu wake ni kwa yule usiyempenda. Mimi nilikaa kimya siku hiyo. Leo nasema hivi: mtoto afundishwe kutoa mkono, bila masharti, kwa wote, hata kwa mtoto wa jirani aliyemwibia baiskeli. Akifika utu uzima, akiwa na sababu nzito na tayari kulipa gharama yake hadharani, anaweza kuuzuia mkono ule. Kharlan alijua anachopoteza. Kizuio kama hicho hakiwezi kufundishwa mtoto, kwa sababu mtoto hana cha kulipia. Atakayelipa ni sisi, na chuki itakuwa ya kwetu.

Hapa ndipo nilipopata fununu ya jibu la swali langu. Sote tumelelewa na hadithi ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka kwenye mbio ndefu kule Mexico 1968, goti likaumia, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walioanza walikuwa 75, kwa hiyo 18 hawakumaliza kabisa. Tunamtukuza Akhwari, na tuna haki. Lakini nimeshamwona mwalimu wa michezo (sitamtaja, wala shule yake) akimwamuru msichana wa darasa la saba aliyeteguka aendelee kukimbia mita 1500, huku akimtajia jina la Akhwari kwa sauti. Msichana alimaliza akichechemea, watu wakapiga makofi, na wengine walitokwa machozi. Mimi nilitaka kutapika. Akhwari alikuwa mtu mzima, alijua goti ni lake, hakuna aliyemzuia kukaa chini. Kilichokuwa kizuri kwake kilikuwa ni uamuzi wake. Msichana yule hakuamua chochote. Kitendo ni kilekile, kuchechemea mpaka mwisho, na bado kimoja ni ushujaa na kingine ni ukatili.

Hoja hiyo inaonekana imefunga mjadala, ila ina tobo, na afadhali nilionyeshe mwenyewe kabla hujaniandikia barua. Mtoto haamui mambo mengi. Hakuamua kwenda shule. Hakuamua kwenda kanisani au madrasa. Kule Mbozi watoto wanachuma kahawa na hakuna aliyeitisha kura. Kama kosa ni kutomwuliza mtoto, basi malezi yote ni kosa. Siwezi kukubali hivyo, na wewe huwezi.

Basi tofauti iko wapi? Nafikiri iko kwenye nani anabaki na kitu baadaye. Hesabu niliyolazimishwa kujifunza nikiwa mtoto, hata kama nilipata 30 kwa 100, ni yangu. Naitumia kila siku nikihesabu chenji ya kwacha. Mtoto aliyefundishwa kusimama sawasawa ulingoni, kutulia akiwa nyuma 4 kwa 1, kutazama mkono wa mwenzake na siyo macho yake, hivyo ni vyake hata akishindwa. Lakini kombe si lake. Kombe linakaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, na picha inakaa kwenye simu ya baba. Kwa hiyo mzazi anayetaka kujijua nampa jaribio moja: chukulia matokeo hayatatangazwa. Hakuna picha, hakuna gazeti, shangazi wa Mbeya hatajua, majirani hawatajua. Ungempeleka bado? Ukisema ndiyo, mpeleke na ukamtazame. Ukisita, basi aliyekuwa anakwenda mashindanoni ni wewe.

Sisemi ukisita wewe ni mtu mbaya. Mkoa wetu ni mchanga, umezaliwa Januari 2016 ukitoka ubavuni mwa Mbeya, na bado tunapokwenda mbali tunaulizwa Songwe ni wapi. Kilichotutangaza duniani ni Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma linalokadiriwa kufika tani 16, ambalo lilianguka lenyewe kutoka juu bila mzazi wala kocha. Ni haki mtu kutamani jina lake litajwe kwa kitu kilichotoka nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba tamaa hiyo ni mzigo wa mtu mzima, na mabega ya mtoto wa miaka kumi na mbili si lori.

Kwenye vitara kuna kanuni juu ya watazamaji pia. Hawaruhusiwi kuwasumbua wapiganaji wala mwamuzi, wala kuwapa ushauri katikati ya pambano, na mwamuzi ana uwezo wa kumtoa ukumbini anayevuruga. Kanuni hiyo ingeletwa kwenye viwanja vyetu Jumamosi moja tu, wangebaki mbuzi na wauza karanga. Baba anampigia mwanawe kelele "Piga! Piga!" huku mwenyewe anaongea na simu, dereva amekwama upande wa Nakonde na karatasi hazijakamilika. Mtoto anasikia sauti mbili za baba kwa wakati mmoja na hajui ipi ni yake. Refa, ambaye ni kijana wa kidato cha nne, anatukanwa matusi ya watu wazima. Halafu tunashangaa vijana hawataki kuwa marefa.

Ninayemwogopa zaidi ya mpiga kelele, lakini, ni yule anayenyamaza. Mtoto ameshindwa, wamepanda Coaster kutoka Vwawa kurudi Tunduma, na baba anatazama dirishani njia nzima. Hasemi neno. Hajamtukana mtoto, hajampiga, ukimuuliza atakuambia hajamfanya kitu. Ila mtoto amekaa pale anajihesabia: nauli ya baba, viatu alivyonunuliwa, siku ya kazi iliyopotea. Anafanya hesabu ya deni ambalo hakuna aliyemwambia analidaiwa, na analiandika. Vijana wengi niliowauliza wananiambia magoli waliyofungwa wameyasahau, ila safari ya kurudi wanaikumbuka mpaka rangi ya kiti.

Wapo wanaosema mzazi aseme "umejitahidi sana". Sijui. Watoto si wajinga; aliyepigwa 5 kwa 0 anajua hakujitahidi vya kutosha, au alijitahidi na haikusaidia, na sifa ya uongo ni swichi nyingine ndani ya mpini. Kuchambua makosa papo hapo nako ni kumpiga mgusi wa sita. Nadhani maneno ya kwanza yasiwe ya mchezo kabisa.

Nilimwona baba mmoja mwaka jana, fundi wa matairi, mikono bado ina grisi, alikuja kumpokea bintiye pale uwanjani. Timu ya binti ilikuwa imetolewa kwa penalti, na aliyekosa ya mwisho ni yeye. Binti akamwamkia, "Shikamoo baba," macho chini. "Marahaba mama. Umekula?" Binti akatikisa kichwa. Baba akanunua mahindi mawili ya kuchoma, akamenya moja kwa moja kwa kidole gumba, akampa punje kiganjani. Wakasimama wakila, lori likapita wakasubiri vumbi litulie. Baada ya muda mrefu ni yule binti aliyeanza: "Baba, nilichelewa kuamua upande." Baba akasema, "Enhe?" akaendelea kutafuna, akisubiri asikie.